B16, K20 au K24 kwenye Civic ndogo: ufunge ipi (na maneno machache kwa wenye Starlet na Golf)

Kila anayeniuliza kuhusu swapu (kutoa injini ya gari na kufunga nyingine yenye nguvu zaidi) anaanza na swali moja, ina farasi wangapi, na mi huwa namrudishia swali ambalo hakulitegemea: giaboksi unayo? Kwa sababu kwenye hivi vihachibeki injini yenyewe ndo kazi nyepesi, unaifunga mnyororo, unaishusha, inakaa, mnapiga picha. Kinachokula miezi ni vile vinavyoizunguka, wayaringi, draivushafti, mauntingi, mkono wa gia, eksozi, rejeta, breki. Kwa hiyo hapa nalinganisha injini ila nazipima kwa mzigo ambao kila moja inakuja nao, namba za farasi nazitaja tu kwa sababu najua utazitafuta.

Gari ninayoichukua kama msingi ni Honda Civic, EG (1992 mpaka 1995) au EK (1996 mpaka 2000), ile ya kawaida kabisa yenye injini ya D15 au D16 (D, B na K ni familia za injini za Honda) ambayo mtu anaendea kazini. Nimeichagua kwa sababu ndo ninayoijua kwa mikono, afu ndo gari ambayo karibu kila wazimu wa swapu umeshajaribiwa juu yake. Ukiwa na Starlet au Golf usiondoke, nitakufikia huko chini, hesabu ni ileile.

Kwanza tuelewane kwa nini watu wanahangaika hivi. Hii Civic ina tani moja hivi, saa zingine pungufu kidogo kutegemea na modeli. Gari ya tani moja yenye farasi 170 kwa uwiano ni sawa na gari ya tani moja na nusu yenye farasi 255. Raha yote iko hapo. Na hatari yote iko hapohapo, maana breki na tairi za hiyo Civic ya kawaida zilipigiwa hesabu ya injini ambayo haina haraka na mtu.

B16 na ndugu zake

B16A iliyokuja kwenye EG6 SiR (Civic ya EG yenye kasi) ni injini ya 1.6, farasi 170 kwenye mizunguko 7,800 kwa dakika. B16B ya EK9 Type R (Civic ya EK yenye kasi kuliko zote) ni 1.6 pia, farasi 185 kwenye mizunguko 8,200. Halafu kuna B18C ya Integra Type R, 1.8 yenye farasi 200. Zote hizi Honda wenyewe walizifunga kwenye bodi hizihizi au kwenye ndugu yake wa karibu, na hilo ndo jambo kubwa kuliko namba zote nilizoandika hapo. Ukipata B pamoja na giaboksi yake, draivushafti zake na ile shafti fupi ya katikati, fimbo zake za gia, mauntingi zake na ECU yake (kompyuta ya injini), inaingia kwenye EG kama imerudi nyumbani. Hakuna kuchomelea, hakuna kukata, klachi ya EG na EK ni ya haidroliki na giaboksi ya B ya miaka hiyo ni ya haidroliki. (EF ya kuanzia 1988 mpaka 1991 ni habari nyingine, ile klachi yake ni ya kebo na mauntingi zinasumbua zaidi, kwa hiyo wa EF asome hapa akijua kuna kipande kimeongezeka kwake.)

Yangu ilikuwa hivyohivyo, EG yenye D15, tukashusha tukafunga B16A, na kazi ya mikono iliisha wikendi mbili. Afu gari ikakaa miezi mitatu haijawaka. Niliponunua ile hafukati (nusu ya mbele ya gari iliyokatwa, injini ikiwa ndani) aliyeikata alikata wayaringi kwa kisu pale inapopita kwenye ukuta wa injini, yaani waya zote, na mi nikaona ni jambo dogo, waya ni waya tu. Kumbe waya si waya tu. Tulikuwa tunahesabu rangi usiku kwa tochi ya simu. Kwa hiyo nikisema B inaingia kirahisi ujue namaanisha B iliyokamilika, na plagi zake za wayaringi hazijaguswa. Pia angalia plagi za ECU ni za kizazi gani, kwenye EG na kwenye EK hazifanani, zipo waya za kuunganisha kizazi kimoja na kingine ila ni kitu cha kujua kabla hujanunua, sio baada.

Ubaya wake? Umri. B mpya kuliko zote duniani imeshapita miaka 20, kwa hiyo unanunua injini ambayo watu watatu kabla yako wameipiga mpaka juu kila siku. Nyingi zinakula oili, sinkronaizi za giaboksi zinakuwa zimechoka unaanza kusikia gia inakwaruza ukiwa na haraka. Inatumia belti ya taimingi na ikikatika valvu zinagonga pistoni, hapo umemaliza hedi. Badilisha belti, tensheni na pampu ya maji kabla injini haijaingia kwenye gari, ikiwa bado iko chini kwenye stendi, ukifanya hivyo baadaye utajilaumu.

Na kuna jambo ambalo video hazikuonyeshi. B haina nguvu chini. Torki (nguvu ya kuvuta) ya B16B ni Nm 160, na inaipata kwenye mizunguko 7,500. Kwenye foleni, gari imejaa watu, AC inafanya kazi, ni 1.6 tu kama 1.6 zingine. VTEC (mfumo wa Honda unaobadili kemu zinazofungua valvu) inapofungua kemu kubwa huko juu unasahau yote, kweli kabisa, ule mlio sijapata injini nyingine inayonifanyia vile, lakini jiulize kwa siku unafika huko juu mara ngapi.

K20

K20A ya Integra Type R ya DC5 ni 2.0, farasi 220, torki Nm 206. Ukilinganisha na B16B hiyo ni torki zaidi kwa karibu robo tatu... hapana nisikudanganye, ni zaidi ya robo, karibu asilimia 29. Na haikai ikisubiri huko juu tu, kwa sababu hii ni i-VTEC, mbali na kubadili kemu kama B inaweza pia kusogeza taimingi ya kemu ya kuingiza hewa mbele na nyuma wakati unaendesha, kwa hiyo hata chini inajaza silinda vizuri. Inatumia cheni badala ya belti. Kila plagi ina koili yake, hakuna distribyuta ya kuchakaa. Ni injini ya kizazi kipya zaidi, na giaboksi yake ya gia sita ni tamu kuliko ya B, hilo sitabishana na mtu.

Sasa mzigo wake. K inazunguka upande wa kinyume na B na D. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni kitu cha kitabuni lakini fuata: ikizunguka kinyume, injini na giaboksi zinabadilishana pande, yaani giaboksi inahamia pale injini ilipokuwa. Kwa hiyo mauntingi za zamani hazina kazi tena, unahitaji seti ya kutengenezwa. Draivushafti zako hazifai, unahitaji za kutengenezwa kwa ajili ya swapu hii. Eksozi ambayo kwenye B ilikuwa mbele inayotazama rejeta, kwenye K iko nyuma imebanwa kati ya bloku na ukuta, kwa hiyo manifoldi na bomba la chini ni mpya. Gia inatumia kebo na sio fimbo, kwa hiyo unahitaji boksi ya gia ya K na njia ya kupitisha kebo, hapo ndo watu wanatoboa gari. Wayaringi ya kuunganisha. Mita za dashibodi zinahitaji kuelezwa upya nani anazipelekea taarifa. Laini ya mafuta na regyuleta. Na kama unataka AC na pawa stelingi vibaki, sema mapema kabisa kwa fundi, maana swapu nyingi za K unazoziona zinang'aa kwenye picha vyote viwili vimetupwa.

ECU ni jambo lingine. ECU ya K ina imobilaiza, inataka kuongea na funguo yake. Wengi wanaishia kwa Hondata K-Pro (ECU ya K iliyofanyiwa marekebisho) ambayo inaondoa tatizo hilo na inakupa nafasi ya kutyuni, na kusema kweli K bila kutyuniwa baada ya kubadilisha eksozi na njia ya hewa ni kama umenunua nusu.

Jamaa yangu wa karibu alifunga K20 kwenye EK wakati mi nafunga B16. Alianza kabla yangu, akamaliza mwaka mmoja baada yangu. Ila ukiziweka leo mbili barabarani, yake kwenye gia ya tatu kutoka mizunguko 3,000 inaniacha kama nimesimama kununua kitu.

K24, au jinsi namba inavyodanganya

Hapa ndo watu wengi wanaingizwa mjini. Mtu anasikia 2.4 anadhani ni K20 yenye nyama zaidi. Kwanza K24 sio moja. Ile ya CR-V, K24A1, ni farasi 160 tu, VTEC yake ni ya kubana matumizi ya mafuta, haina kemu ya juu ya kazi. Ile ya Accord iliyouzwa Marekani kama Acura TSX ilianza na farasi 200, hedi yake ndo ina VTEC ya kweli. Kutazama tu zinafanana, na muuzaji kazi yake ni kuuza.

Pili, urefu. Bloku ya K24 ni ndefu kwenda juu kuliko ya K20 kwa karibu milimita 20. Kwenye Civic hizo milimita 20 ndo tofauti ya boneti kufunga na boneti kutofunga, inategemea mauntingi zako zimeiweka injini chini kiasi gani, na ukiishusha sana sampu (chombo cha oili chini ya injini) inakuwa ya kwanza kusalimia kila tuta.

Tatu, pistoni. K20 pistoni inasafiri milimita 86 kutoka chini mpaka juu, K24 inasafiri 99, B16 inasafiri 77.4. Piga hesabu kwenye mizunguko 8,000: pistoni ya B16 inakwenda kwa wastani wa mita 20.6 kwa sekunde, ya K20 22.9, ya K24 26.4. Ndo maana B inaweza kulia huko juu siku nzima na K24 ya kawaida ukiilazimisha kuishi huko unaitafutia kifo. Lakini nani amesema uende huko? Raha ya K24 ni kwamba huna haja. Hata ile ya CR-V ya kudharauliwa ina torki ya Nm 220 kwenye mizunguko 3,600, weka hiyo kwenye gari ya tani moja afu niambie kama bado unataka kufika 8,000. Kwa matumizi ya kila siku, kati ya hizi zote, K24 ndo inayoendesheka kivivu kuliko zote na nasema hivyo kama sifa.

Kuna wanaochukua bloku ya K24 na kuweka hedi ya K20, torki ya chini na pumzi ya juu. Inafanya kazi vizuri sana kwa mtu anayejua anachofanya. Kama ni swapu yako ya kwanza, acha.

Na kuweka turbo kwenye D yako ileile?

Nitapita haraka. Haihitaji kubadili giaboksi wala mauntingi, na kwa presha ndogo ukiwa na tyuni ya kueleweka inakupa torki mapema kuliko B. Tatizo ni hulka yetu, presha ndogo haikai ndogo. Wiki ya tatu mtu ameiongeza, mwezi wa pili fimbo ya pistoni imetoka kuangalia hali ya hewa kupitia ubavu wa bloku.

Vile visivyopigwa picha

Injini yoyote utakayochagua, hivi ni vyako. Breki kwanza. EG na EK za kawaida nyingi nyuma ni ngoma, na diski za mbele ni ndogo. EK9 Honda waliipa diski za mbele za milimita 282 na nati tano kwa kila tairi, sio kwa ajili ya urembo, waliona kinachohitajika kusimamisha farasi 185. We unataka kufunga 220 na kubaki na za D15? Angalau uhamishe za SiR, zinaingia bila vurugu.

Rejeta ya D ni ndogo, badilisha. Na difu. Gari ya kuvuta kwa mbele yenye torki ya K ukikanyaga ukiwa kwenye kona tairi ya ndani inazunguka bure na usukani unakunyang'anya mkono. Giaboksi za Type R, ya B na ya K, nyingi zilikuja na difu ya LSD (inayozuia tairi moja kuzunguka bure) kutoka kiwandani, na hiyo ni sababu nyingine ya kuuliza giaboksi kabla ya injini. Mi ningechukua B16A ya kawaida yenye LSD kuliko B18C isiyo nayo.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Renault walipotaka kuweka V6 ya 3.0 kwenye Clio mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakuibana mbele, waliiweka pale viti vya nyuma vilipokuwa na wakaipanua gari nyuma nzima. Toyota walipotengeneza GR Yaris ya 2020 yenye silinda tatu na turbo, walitengeneza bodi yake ya milango miwili na kuwapa magurudumu yote manne kazi. Wana mainjinia na mashine zote na bado walibadilisha gari ndo wakaweka nguvu. Sisi tunataka kubadilisha injini tu jumamosi.

Wenye Starlet

Kwako uchaguzi ni mfupi. 4E-FTE, 1.3 yenye turbo, farasi 135 na torki Nm 157, ndo iliyokuja kwenye EP82 GT na kwenye EP91 Glanza V. Soma tena hiyo torki: 1.3 yako inavuta karibu sawa na B16B, na inavuta mapema zaidi. Kwenye gari ya karibu kilo 900. Toyota waliifunga kwenye bodi hiyohiyo kwa hiyo mauntingi na nafasi vipo. Chukua na giaboksi yake, usiunganishe na ile ya zamani. Intakula yake (intercooler, kipozeo cha hewa ya turbo) inakaa juu ya injini ikipumua kupitia tundu la boneti, inapata moto sana ukiwa kwenye foleni, wengi wanaihamishia mbele.

Mbadala unaosikika ni 4A-GE ya valvu 20, ile ya kofia nyeusi ya Corolla AE111, farasi 165, hewa inaingia kupitia throtli nne kila silinda na yake. Ni mlio wa kukufanya uzime redio. Ila ni pana kwenye shimo la Starlet, mauntingi ni za kutengeneza, na nguvu zake ziko juu kama za B. Kwa Starlet mi nasema 4E-FTE bila kufikiri mara mbili.

Wenye Golf ya kizazi cha pili

1.8T dhidi ya VR6. 1.8T ya farasi 150 inatoa Nm 210 kuanzia mizunguko 1,750, yaani kabla hujamaliza kukanyaga. VR6 ya 2.8 ni farasi 174 na Nm 235 kwenye 4,200. Kwenye karatasi VR6 inashinda, kwenye pua ya gari inashindwa, maana ni bloku ya chuma ya silinda sita na Golf inaanza kukataa kukata kona. Afu cheni zake ziko upande wa giaboksi, kuzibadilisha lazima giaboksi ishuke. 1.8T ina kasoro zake, koili zinakufa na oili ukichelewesha inaganda kuwa uji, ila ni nyepesi na kuiongezea nguvu ni kazi ya kompyuta zaidi kuliko spana. Zote mbili zinataka giaboksi ya 02A au ndugu yake, ya klachi ya haidroliki na gia ya kebo, kwa hiyo ile 020 ya asili na klachi yake ya kebo unaaga. Chukua 1.8T, na kama unaipata ile ya AGU ambayo throtli yake bado ni ya kebo maisha yatakuwa mepesi zaidi. VR6 mwachie mtu anayeitaka kwa ajili ya sauti, na simlaumu, sauti ile ina haki yake.

Sasa we uchukue ipi

Kama hii Civic ndo gari yako pekee na jumatatu asubuhi inatakiwa iwake, B iliyokamilika. Utalalamika haina torki, ila utalalamika ukiwa unaendesha. Kama una gari nyingine ya kukupeleka kazini, una fundi ambaye ameshafunga K kabla yako (sio anayesema ataweza, ambaye ameshafunga, umeiona, umeisikia ikiwaka asubuhi ikiwa ya baridi) na seti nzima ya mauntingi, shafti na wayaringi umeshaiweka ndani kabla ya kushusha D, basi K20. K24 ya CR-V ichukue kama hutaki mashindano na mtu, unataka gari inayopanda mlima kwenye gia ya nne ukiwa unaongea. B18C sijaizungumza sana kwa sababu kuipata nzima, ya kweli, isiyokuwa B18B (ndugu yake wa kawaida) iliyopakwa rangi kifuniko, ni kazi inayojitegemea.

Na kabla hujaanza ulizia kwenu namba ya injini inabadilishwaje kwenye kadi ya gari, na mwambie mtu wa bima. Watu hawafanyi hivyo, wanakuja kukumbuka siku wameshagonga.

Siku ya kununua nenda na kipimo cha kompresheni, silinda zote nne ziwe karibu sawa, fungua kifuniko cha oili uone rangi ya ndani, zungusha krenki kwa mkono, ingiza gia zote moja moja. Angalia plagi za wayaringi moja baada ya nyingine kama nilivyopaswa kufanya mimi. Na kama ni K au 1.8T na anakwambia funguo ilipotea ila ECU ni nzima, mwachie ECU yake, hesabu gharama ya nyingine ndo uongee bei.